Nyumba ya Chala Haihitaji Majani ya Plastiki

Juu ya kabati la vyombo, sebuleni kwa shangazi yangu kule Chala, limekaa ua la plastiki lenye umri mkubwa kuliko wajukuu zake wote. Halijawahi kumwagiwa maji, halijawahi kuchanua, halijawahi kunyauka. Kila Jumamosi hushushwa, hupelekwa uani, husuguliwa kwa sabuni ya unga kama sufuria, kisha hurudishwa kwenye kiti chake cha enzi. Anayelibeba hupita katikati ya nyasi zinazomfika kiunoni, zimebeba mashuke, zinacheza na upepo. Nyasi za namna hiyo, zikikatwa, zikakaushwa na kusimamishwa ndani ya chungu kirefu, ndizo zinazopamba picha za nyumba za kisasa "za asili" zinazozunguka kwenye simu za watu kuanzia Dar es Salaam hadi Paris. Wenzetu wanazinunua kwa kuhesabu shina. Sisi tunazipita tukiwa tumebeba plastiki kwenda kuiogesha.

Mwongozo huu nauandika kwa hasira ya mapenzi. Nitakejeli, na ninayemkejeli namtaja mapema: ni ua lile pamoja na ukoo wake wote, yaani kapeti la plastiki lenye picha ya mbao, karatasi ya ukutani yenye picha ya mawe, dari la jipsamu lenye taa za bluu na kijani kama ukumbi wa harusi, na bango la maporomoko ya maji ya nchi isiyojulikana, lililotundikwa katika mkoa wa Rukwa, wenye maporomoko ya Kalambo. Shangazi namheshimu, na hakuna neno hapa ambalo sijamwambia nikiwa nimekaa kwenye kochi lake.

Anza na baridi. Wauza mapambo wakisema nyumba "yenye joto" wana maana ya rangi: kahawia, udongo, asali. Huku kwetu Ufipa, kwenye uwanda wa juu wa Rukwa, joto ni joto. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Chala ipo kwenye uwanda huohuo wa juu, wilayani Nkasi, njiani kuelekea Namanyere. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hesabu hiyo peke yake uwanda wetu unapoa kuliko pwani kwa zaidi ya nyuzi 10. Mwezi Juni na Julai mgeni aliyeketi sebuleni na koti, kofia ya sufu na mikono kwapani hataiona rangi ya ukuta wako hata kama umeinunua kwa bei ya ng'ombe. Anaona mlango tu, na anapiga hesabu ya kuaga.

Kwa hiyo kabla hujanunua hata mto mmoja wa kochi, toka nje asubuhi utazame jua. Chala iko kusini mwa ikweta, kati ya nyuzi 7 na 8. Juni, baridi inapokaza, jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, limeinama nyuzi zipatazo 30 kutoka utosini. Desemba huhamia kusini, karibu zaidi na utosi. Maana yake ni nyepesi: dirisha kubwa la sebule likitazama kaskazini, litaingiza jua ndani miezi ile unayolihitaji, na Desemba, usipolihitaji, jua lenyewe litakuwa limeshahamia upande wa pili wa paa. Upepo wa kiangazi, ule unaopenya mpaka kwenye mifupa, hutoka kusini-mashariki. Upande huo weka madirisha madogo, na nje panda mstari wa miti au wigo wa mabingobingo.

Sasa tazama tunavyojenga. Dirisha kubwa kuliko yote linawekwa upande wa barabara, hata barabara ikiwa ndiko unakotoka upepo, ili wapita njia walione pazia. Kaskazini kunawekwa stoo. Matokeo yake, Julai nzima magunia ya mahindi yanaota jua na watoto wanatetemeka sebuleni kwa heshima ya watu wanaopita na bodaboda bila kugeuza shingo. Kama nyumba yako imeshasimama, usibomoe. Badilisha matumizi ya vyumba: hamishia magunia mbele, wewe hamia kwenye jua. Shangazi alinibishia suala hili miaka miwili. Siku alipojaribu kuhamishia kiti chake kwenye chumba cha kaskazini, alishonea humo mchana kutwa, na kiti hakijarudi.

Hewa nayo inahitaji somo, na walimu wake ni wa hapahapa. Wafipa walikuwa wahunzi wa kutajika. Waliyeyusha chuma katika malungu, matanuri ya udongo yenye kimo cha mita 3 hivi, mara nyingi yakijengwa kwa udongo wa kichuguu, na magofu yake bado yanaonekana Nkasi na sehemu nyingine za Ufipa. Ukubwa wake unavutia macho, lakini kinachonishangaza mimi ni kwamba malungu hayakuhitaji mivukuto. Matundu yaliachwa chini, moto ukawaka, hewa ya moto ikapanda juu kupitia mdomo wa tanuri na kuivuta nyingine iingie kwa chini, mchana na usiku. Mivukuto ilikuja baadaye, kwenye tanuri dogo liitwalo kintengwe, chuma kilipokuwa kinasafishwa. Watu waliojua kuiambia hewa ipite wapi bila kuisukuma ndio wazee wetu, nasi leo tunajenga chumba cha kulala chenye tundu moja la hewa kisha tunaliziba kwa gazeti kwa sababu ya baridi.

Somo la malungu lihamishie nyumbani. Acha vitundu vidogo vya hewa juu, karibu na dari, na uviache wazi mwaka mzima. Joto la mwili na la jua litabaki ukiziba nyufa za chini zinazovuta baridi kama matundu ya tanuri: mlango, kizingiti, dirisha lisilofunga sawasawa. Na hapa hakuna kejeli hata chembe: usilaze jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo haimwamshi mtu kabla ya kumuua. Familia hulala wote na kutoamka wote. Ukitaka moto sebuleni, na katika uwanda huu ni haki yako kuutaka, mwite fundi ajenge meko ya ukutani yenye bomba la moshi linalotokeza juu ya paa. Hapo ndipo utakuwa na pambo linalopasha moto kweli.

Tukifika ukutani, naomba uvumilivu, maana hapa nitakaa muda mrefu.

Udongo wa Ufipa ni mwekundu kwa sababu una chuma ndani yake. Wekundu ule ni kutu, oksidi ya chuma, ndugu wa yale mawe waliyoyeyusha wahunzi. Viwanda vya rangi duniani hutumia oksidi hiyohiyo kutengeneza rangi za kahawia na nyekundu ya udongo ambazo mitindo ya sasa inazisujudia. Kwa hiyo mtu wa Chala anayesafiri mpaka mjini kununua ndoo ya rangi ya udongo, halafu anairudisha kwa basi mpaka kwenye nyumba iliyozungukwa na udongo wenye rangi hiyo, amelipa nauli ya rangi kurudi nyumbani kwao.

Fanya hivi. Chimba udongo chini ya tabaka la juu, pale ambapo mizizi na mboji vimekwisha. Tia udongo huo kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, hadi kufikia theluthi moja, jaza maji, ongeza chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, kisha uache utulie mpaka kesho. Mchanga utakuwa umekaa chini, tope laini katikati, mfinyanzi juu. Ukiona mfinyanzi ni mwingi, ukuta utapasuka kama kisigino cha kiangazi, ongeza mchanga. Ukiona mchanga ni mwingi, plasta itapukutika; tafuta udongo mwingine. Kwa udongo wenye mfinyanzi mzuri, anza na ndoo moja ya udongo kwa ndoo mbili au tatu za mchanga, nyasi kavu zilizokatwakatwa urefu wa kidole, na samadi mbichi ya ng'ombe. Loweka siku kadhaa, kanyaga kwa miguu, kisha paka majaribio matatu yenye vipimo tofauti kwenye ukuta wa nyuma, kila moja ukubwa wa karatasi ya daftari. Subiri yakauke kabisa. Lisilopasuka ndilo utakalolitumia. Bibi zetu walikuwa wanafanya haya kwa kuukamata udongo mkononi na kuunusa. Sisi tuliopoteza mkono huo tutumie chupa.

Ukuta wa tofali lililochomwa unapokea plasta hii vizuri ukiulowanisha kwanza. Ukuta uliokwishapigwa plasta ya saruji na kulainishwa mpaka unang'aa haupokei. Ukwaruze kwa patasi au msumari ili udongo upate pa kushika. Tabaka la mwisho liwe jembamba, la udongo uliochekechwa kwenye chekecheo la unga, umechanganywa na uji mwepesi wa unga wa ngano uliopikwa na kupoa, ambao huufanya usiache vumbi kwenye nguo za wanaoegemea. Ukipata mfinyanzi mweupe kwenye mto, changanya na mwekundu upate rangi ya waridi lililokauka. Majivu yaliyochekechwa hutoa kijivu. Mkaa uliosagwa hutoa nyeusi ya kuchorea mstari chini ya ukuta, pale ambapo watoto hupiga viatu.

Ukipendelea weupe, paka chokaa. Chokaa iliyozimwa vizuri, iliyoyeyushwa nyepesi kama maziwa na kupakwa mara nne au tano juu ya ukuta wenye unyevu, huwa na mng'ao mtulivu ambao rangi ya mafuta haiwezi kuuiga. Vaa glavu na funika macho unapoifanyia kazi, kwa maana inaunguza ngozi na jicho.

Miaka kadhaa iliyopita niliwahi kubandika karatasi ya ukutani yenye picha ya mawe, kwa ahadi ya muuzaji kwamba "haisikii maji". Masika ya kwanza ilianza kuvimba pembeni, ya pili ikaning'inia kama ngozi ya nyoka, na nyuma yake ukuta ulikuwa umeota ukungu mweusi. Plastiki inaufungia unyevu ndani ya ukuta. Udongo na chokaa vinaunyonya hewa inapolowa na kuutoa inapokauka. Kwenye uwanda unaopata mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, tofauti hiyo inaamua kama mtoto atalala kwenye chumba kikavu au kwenye harufu ya ukungu.

Neno juu ya matofali, kwa wale ambao bado wanajenga. Ufipa ni nchi ya nyasi. Miti iliyobaki juu ya uwanda ni michache na mingi imepandwa. Tanuri la kuchomea matofali hula magogo kwa wiki nzima. Nyumba iliyokula miti ya kijiji halafu ikatundikwa picha ya msitu ukutani inanitia uchungu. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umehimiza kwa miaka mingi matofali ya kufungamana, ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Hayachomwi. Yanashikana kama meno ya zipu, yanapunguza udongo wa kuunganishia, na yakiachwa bila plasta yana uso nadhifu ambao mpiga picha yeyote wa majarida angeupenda. Vijana wawili watatu wenye mashine moja wanaweza kukihudumia kijiji.

Kuhusu mbao nina ushahidi wa zamani kuliko wote. Mto Kalambo, unaotenganisha Rukwa na Zambia, unadondoka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja kabla ya kwenda kumwagika Ziwa Tanganyika. Karibu na maporomoko hayo, upande wa Zambia, watafiti walioongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool walifukua mwaka 2019 magogo mawili yaliyolazwa moja juu ya jingine, la juu likiwa limechongwa pengo makusudi ili likae sawasawa juu ya mwenzake. Matokeo yalipochapishwa kwenye jarida la Nature mwaka 2023, umri wake ulitajwa kuwa angalau miaka 476,000. Waliochonga pengo lile waliishi kabla ya binadamu wa aina yetu. Hakuna muundo wa mbao wa zamani zaidi uliowahi kupatikana popote duniani.

Useremala wa kale kuliko wote unaojulikana uko jirani na sisi, nasi tunaletewa meza ya mbao za unga zilizogandishwa kwa gundi, zenye picha ya mti juu yake, ambayo ikimwagikiwa chai inavimba kama andazi. Mkatae muuzaji wake kwa upole. Nenda kwa seremala wa Namanyere au Sumbawanga, mwambie unataka meza ya ulimi na tundu, isiyotegemea misumari. Mninga wa misitu ya miombo upande wa Katavi ni mzuri mno, ila ni mti wa porini unaokua polepole: uliza kibali chake, na ununue kidogo kwa ajili ya kitu kitakachorithiwa, kama mlango au kitanda. Vitu vya kawaida, rafu, benchi, fremu, vitengenezwe kwa paini na mkaratusi wa kupandwa, na wala visipakwe vanishi nyekundu ile inayofanya kila kitu kifanane na jeneza. Yeyusha nta ya nyuki kwenye bakuli lililowekwa juu ya maji ya moto, sehemu moja ya nta kwa nne za mafuta ya alizeti, paka kidogo sana kwa kitambaa, subiri, kisha futa mpaka kitambaa kitoke kikavu. Nta inatoka porini kwa warina asali, alizeti inalimwa mlangoni. Mbao itabaki na rangi yake, na nyumba itanukia asali kwa siku kadhaa.

Sakafuni sina maneno mengi. Marumaru meupe yanayoteleza ni baridi Julai, na chini ya kapeti la plastiki hukaa uchafu usioonekana. Saruji iliyotiwa rangi nyekundu na kusuguliwa kwa nta ni nzuri, ni rahisi kufagia, na ikitandikwa mkeka mnene wa ukindu na ngozi ya ng'ombe iliyoandaliwa vizuri, miguu inapata pa kukanyaga.

Nguo ni suala jingine. Kabla ya mitumba na kabla ya viwanda, watu wa Ufipa na bonde la Rukwa walisokota pamba yao na kufuma nguo zao wenyewe, na wasafiri wa karne ya 19 waliopita huku waliona mitambo ya kufumia ikifanya kazi vijijini. Ufundi ule uliuawa na vitambaa vya bei rahisi kutoka nje. Siwezi kukuambia ununue shuka la kufumwa Chala leo. Naweza kukuambia ununue pamba tupu, kaniki, khanga au kitenge cha pamba, uikatae ile nailoni inayong'aa, na pazia ulishone mara mbili: kitambaa chepesi mbele, blanketi la pamba nyuma, linalofunguliwa asubuhi na kufungwa jua likizama. Pazia la namna hiyo litakuwekea joto zaidi ya mapambo yote ya dari ukiyajumlisha.

Nakuja kwenye taa, ambazo ndizo zinazoharibu nyumba nyingi nzuri kwa gharama ndogo kuliko zote. Umehangaika na udongo, umesugua mbao kwa nta, halafu jioni unawasha balbu nyeupe kama ya chumba cha upasuaji na wageni wote wanafanana na wagonjwa. Soma boksi kabla ya kulipa. Balbu iliyoandikwa 6500K hutoa mwanga mweupe wa kibuluu. Ya 2700K hutoa mwanga wa manjano unaokaribia ule wa taa ya chemli. Bei hupishana kidogo au haipishani kabisa. Nunua zile za 2700K, weka mbili ndogo mahali pa moja kubwa, na ziteremshe chini, usawa wa kifua cha aliyekaa, ndani ya kikapu kilichosukwa wazi. Kikapu hutupa vivuli vya ukili ukutani, na kwenye ukuta wa udongo vivuli hivyo vinapendeza kuliko picha yoyote ya kununua.

Mimea hai ije sasa, badala ya lile ua la kwenye kabati. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire aliokota huko Tanga na Usambara ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, akalipeleka kwao; mwaka 1893 likapewa jina la kisayansi, Saintpaulia, kwa heshima ya familia yake. Leo ua hilo liko madirishani mwa nyumba zisizohesabika Ulaya na Marekani, wanalihudumia kama mtoto. Ni ua la Tanzania. Hivyo bibi wa Berlin anamwagilia mmea wa kwetu, na shangazi yangu anasugua kwa sabuni mmea wa kiwandani. Panda mshubiri kwenye kopo la rangi lililotobolewa chini, na mkonge pori, ule wenye majani marefu yaliyosimama kama mikuki, ambao huvumilia kiu na giza la sebuleni. Usiende kung'oa kitu kwenye msitu wa Mbizi. Ule ni msitu wa hifadhi, umebaki kipande kidogo juu ya Sumbawanga, una mbega wekundu wake, na hauna deni na sebule yako.

Halafu kuna mpangilio. Seti ya makochi saba yaliyobanana ukutani, na meza kubwa ya kioo katikati, haimwachii mgeni pa kusimama. Mfipa aliyelelewa hasalimii akipita: wazee husalimia kwa kupiga makofi taratibu, wadogo hupiga goti, na salamu huchukua muda wake. Acha nafasi ya wazi karibu na mlango, angalau hatua tatu kwa tatu, pa kumsalimia mzee kwa utulivu bila kugonga kioo kwa goti. Weka vigoda vitatu au vinne vya kuhamahama, kwa sababu watu wakiwa wengi wanasogea kwenye joto na wakiwa wachache wanasogea kwenye mwanga. Nakusihi ulifungue lile kabati la vyombo. Sahani zinazosubiri mgeni wa heshima kwa miaka ishirini, zikimwacha mwenye nyumba ale kwenye bakuli lililokatika, zinamtukana mwenye nyumba. Toa vyombo, watoto wavitumie. Mahali pake weka chungu, ungo wa ulezi, kata, kibuyu cha bibi kilichotiwa nyuzi kilipopasuka. Hivi navyo vitumie. Ungo usiopepeta mwisho wake ni kuwa ndugu wa ua la plastiki.

Tulipaka ukuta mmoja kwa shangazi mwaka jana, wa chumba kile cha kaskazini, kwa udongo wa nyuma ya choo chake cha zamani kilichofukiwa zamani mno. Tulifanya majaribio matatu na la pili ndilo lililokubali. Mvua zimeshapita juu yake msimu mmoja na haujatokea ufa zaidi ya mmoja mdogo karibu na dirisha, ambao aliuziba mwenyewe kwa kidole. Majirani wawili wamekuja kuuliza udongo tulichimba wapi.

Zimebaki nyasi. Zikate mwanzoni mwa Juni, asubuhi umande ukishakauka, mashuke yakiwa yamefunguka lakini mbegu hazijaanza kupukutika. Chagua zenye mashina marefu, kata karibu na ardhi, funga mafungu ya unene wa mkono, uyaning'inize kichwa chini kwenye kivuli chenye upepo kwa wiki mbili, kisha usimamishe kwenye chungu bila maji. Yatadumu mwaka mzima, na mwakani yatupe kwenye shimo la mbolea ukate mengine. Usichelewe: kuanzia Agosti moto wa nyika unapita uwandani, na zile ambazo hazijakatwa huwa majivu.